Kompyuta ya Mama Mkwe

Ukweni wananiita Injinia. Sikujipa jina hilo, lakini pia sikuwahi kulikataa, na ubaya wangu wote unaanzia hapo. Mimi ni karani wa stoo katika ofisi ya maji. Niliajiriwa kuhesabu mabomba, koki na mita, na ningekuwa nahesabu mpaka leo kama ofisi isingeletewa kompyuta sita, mwaka ambao wenzangu wote walizipita kwa mbali kana kwamba zinauma. Mimi nikagusa moja. Basi. Nikapelekwa kozi ya wiki mbili, nikarudi na cheti, nikahamishiwa meza ya karibu na dirisha, na tangu hapo kazi yangu ni kubadilisha wino wa printa, kuchomeka nyaya zilizochomoka na kuwaambia wakubwa wazime kisha wawashe tena. Ukinikuta nimekunja uso mbele ya skrini, usitishike. Nasubiri tu ifunguke.

Ukweni hawakuwa na habari hizo. Mke wangu ni mtoto wa nne kati ya sita, na katika sita hao hakuna hata mmoja anayeweza kubadilisha balbu bila kuita mtu. Simu ikigoma, Injinia. Televisheni ikitoa chenga, Injinia. Siku moja nililetewa pasi. Waya wake ulikuwa umelegea, nikaukaza kwa kisu cha mezani, na sifa zangu zikagonga dari. Nami nilizila sifa hizo, sina haja ya kudanganya. Nilikuwa nikiingia katika nyumba ile mabega yanapanuka yenyewe.

Mwenye nyumba ile ni mama mkwe wangu. Alifundisha watoto viziwi miaka thelathini na mmoja, katika shule moja, karibu muda wote darasa moja. Ni mwanamke mfupi, mpole, anayekutazama usoni moja kwa moja unapoongea, kwa kuwa amezoea watu wanaosoma midomo. Mimi na yeye tunaheshimiana sana: salamu ndefu, maneno machache, na hakuna anayemwambia mwenzake hapana. Mimi namwita mama, yeye ananiita baba. Akiniuliza kama nimeshiba, nimeshiba, hata kama njaa inanitafuna. Nikimuuliza hali, hajambo, hata kama ametoka kitandani akijikokota. Tumeishi hivyo miaka kumi na minne bila kukwaruzana hata siku moja, na mke wangu alikuwa akijisifu kwa mashoga zake. Sasa naona kwamba heshima ya namna ile ilikuwa kabati zuri sana la kufichia mambo.

Alipostaafu, shule ilimpa kompyuta yake ya zamani, ile kubwa ya mezani, feni yake ikiwaka unadhani mtu anapepeta mchele. Wengine wangeifanya meza ya kuwekea maua. Yeye akaanza kuandika kamusi.

Alinieleza mara moja tu, na nilisikiliza nusu, lakini nusu hiyo nimeishika. Mtoto kiziwi hafiki shuleni mikono mitupu. Nyumbani kwao ameshabuni alama zake na mama yake, na ndugu zake, na jirani: alama ya mvua, ya bibi, ya mjomba anayechechemea. Shuleni anafundishwa alama za wote, na zile za kwao zinapotea taratibu. Mama mkwe hakutaka zipotee. Alikuwa akiziandika kwenye madaftari tangu ujana wake, na alipopata kompyuta alianza kukaa mbele ya kamera ndogo na kupiga picha mikono yake mwenyewe, alama moja baada ya nyingine, kisha anaandika chini yake maana yake, nani aliileta na mwaka gani. Kila ukurasa ulipomalizika, karatasi za daftari alizitupa, maana alisema zinaliwa na mchwa na kompyuta hailiwi. Kulikuwa na mtoto aliyesema "kesho" kwa kulaza shavu kiganjani kisha kufumbua macho. Mwingine alimwita daktari kwa kujifinya mkono, kwa sababu alichokijua kuhusu daktari ni sindano. Alama elfu moja mia nane na sitini. Miaka tisa.

Mwaka huu shule ilipata mpiga chapa aliyekubali kuichapa. Akamtumia mama mkwe mfano wa kurasa apangilie kazi yake humo, na kompyuta ikakataa kuufungua, ikasema mfumo wake ni wa zamani mno. Hata bila hivyo ilikuwa inamwonya kila asubuhi kwamba waliotengeneza mfumo ule hawautunzi tena. Akampigia mke wangu.

"Mwambie baba watoto, akipata nafasi."

Akipata nafasi! Nilipata nafasi Jumamosi hiyo hiyo.

Sisi wa kazi hii tunaita kupiga windo. Unafuta mfumo wa zamani, unapandisha mpya, na mwenye kompyuta anaona maajabu. Haihitaji akili nyingi. Inahitaji jambo moja, kwamba kabla hujagusa chochote unanakili kazi za mwenyewe na kuziweka pembeni, kisha unafungua mbili tatu kuhakikisha kweli zimo. Kufungua mbili tatu kunachukua nusu dakika.

Kompyuta ilikuwa sebuleni, chini ya kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Mke wangu alikaa kwenye kochi akimenya machungwa. Mama mkwe aliniletea chai, akaiweka mbali kidogo na kibodi, akarudi kusimama karibu na mlango, kwa sababu hakutaka kunibana.

"Mama, kazi zako umeziweka wapi?"

"Zipo hapo mbele, baba. Zote."

Kweli zilikuwepo hapo mbele, mara tu skrini ilipowaka: folda A, folda B, folda CH, mpaka Z, zimejipanga kama wanafunzi mstarini. Kila moja ilikuwa na kamshale kadogo kwenye pembe ya chini. Kamshale hako kana maana moja tu. Kanasema hii siyo folda yenyewe, ni njia ya mkato. Hapa pana mlango, chumba kiko kwingine. Fundi wa shule, miaka ile, alikuwa ameziweka folda zenyewe katika sehemu ya pili ya diski na kumwachia mama milango mbele asihangaike kutafuta.

Nimekaona kamshale hako mara elfu. Hata siku ile nilikaona, sitasema sikukaona. Lakini nilikuwa naongea. Nilikuwa namsimulia mke wangu, kwa sauti ya kumfikia mama yake mlangoni, jinsi mkurugenzi wa maji alivyokwama kwenye mkutano akaniita mimi mbele za watu. Nikiongea hivyo, nikazikusanya folda zote kwa pamoja na kuzivutia kwenye flashi.

Kazi ya miaka tisa ikamaliza kunakiliwa kabla sijapuliza chai.

"Imeshamaliza, baba?" mama mkwe akashangaa.

"Flashi hii ni ya kisasa, mama."

Yeye, ambaye hajui lolote kuhusu mambo haya, alishangaa. Mimi sikushangaa. Nikaanza kupandisha mfumo mpya. Ukauliza kama nataka kubakiza vilivyomo au nifute vyote, nikajibu vyote. Ukanionyesha diski imegawanywa sehemu mbili, nikazifuta zote mbili na kuziunganisha, kusudi apate nafasi kubwa. Nilitaka aikute mashine mpya kabisa mezani.

Baada ya saa nzima na zaidi kidogo, skrini ikawaka picha ya ziwa na milima. Mke wangu akapiga makofi, akanipiga na picha nimekaa hapo. Picha hiyo bado iko kwenye simu yake, na sijapata ujasiri wa kumwambia aifute. Nikachomeka flashi. Nikabofya A. Ikatokea sentensi kwamba kinachotafutwa hakipatikani. Nikabofya B. Nikabofya M. Sentensi ile ile.

Nilielewa pale pale. Nikakaona kila kamshale, kamoja kamoja, vizuri sasa, vizuri sana.

Hapa naomba unisikilize, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Kamusi bado ilikuwemo. Kufuta hakuondoi kitu mara moja. Kunaondoa kibao cha mlangoni tu, na vilivyomo vinabaki ndani mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ndiyo maana aliyepoteza faili anatakiwa kutoa mkono. Asiongeze kitu, asibofye kitu. Azime, apeleke kwa wanaojua kuokoa. Najua hilo kama ninavyojua jina la mama yangu. Ofisini nawafundisha waajiriwa wapya na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na huwa nainua mikono yote miwili juu, kwa mbwembwe, nikisema: "Toa mkono!" Wanacheka.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, ameshika sinia.

"Mambo yamekaa sawa, baba?"

Ningesema nini? Ningesema: mama, nimekosea, tuizime sasa hivi. Maneno matano. Badala yake nikasema, "Yamekaa sawa kabisa, mama. Namalizia tu."

Na kumalizia nikamalizia kweli. Kuzima mashine iliyotoka kupigwa makofi kungehitaji maelezo, na sikuwa na maelezo ambayo yangemwacha Injinia akiwa Injinia. Kwa hiyo nikaendelea kubofya ili mikono yangu ionekane ina kazi, huku kichwani natafuta pa kutokea. Nikapakua masasisho ya mfumo. Nikapandisha programu ya mpiga chapa. Nikapandisha ya printa, ambayo mama hana. Nikachukua video za nyimbo kutoka kwenye simu yangu, nyingi, nikamwekea, eti apate burudani. Kila nilichokiweka kilikalia alama fulani ya mtoto fulani, na nilikuwa najua. Dakika arobaini. Nilikuwa nakufa na tai shingoni, ila kilichokuwa kinakufa si changu.

Kisha nikageuza kiti.

"Mama, ile sehemu ya diski yenye kazi zako ilikuwa imeoza. Ilikuwa ife tu. Ilipoguswa, ikaenda."

Mke wangu akaacha kumenya machungwa. Mama mkwe aliweka sinia chini, polepole.

"Yote, baba?"

"Yote, mama."

Akakaa kwenye kiti cha karibu naye. Akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. Halafu akasema, "Basi ni mimi. Mwezi uliopita umeme ulikatika mara mbili nikiwa naandika, na ulivyorudi nikaiwasha haraka haraka. Nitakuwa niliiharibu."

Alikuwa ananipa pa kutokea. Na mimi, mwanaume mzima mwenye watoto watatu, nikapita hapo hapo.

"Inawezekana, mama," nikasema.

Nimefanya makosa mengi maishani. Nimewahi kupokea mabomba yaliyotoboka nikasaini kwamba ni mazima, na niliposutwa nikalala usingizi wangu vizuri. Lakini maneno hayo mawili, kila nikiyakumbuka nahisi ngozi ya uso inanibana. Hata sasa ninavyoandika.

Mke wangu, ili kumfariji, akasema picha zitapigwa upya, Injinia ataleta kamera nzuri. Mama mkwe akainua mikono yake mbele yetu. Vidole viwili vya kulia havikunyooka. Vilibaki vimekunjika kwenye viungo, vimevimba, na vya kushoto vilikuwa vinaelekea huko huko. Sijui nilikuwa naangalia wapi miaka yote hiyo.

"Picha zile nilianza nikiwa bado na vidole, mwanangu," alimwambia mke wangu, bila uchungu wowote. "Na nyingine hata sizikumbuki. Ndiyo maana niliziandika."

Jumanne nikaichukua ile kompyuta, nikasema naijaribu kwa wataalamu. Kulikuwa na dada mmoja mjini anaokoa vitu vilivyopotea kwenye diski. Ana chumba kidogo juu ya duka la dawa, safi, kina kiyoyozi na harufu ya vitu vipya. Nilipoingia akasimama.

"Mwalimu wangu!"

Alikuwa amefanya mafunzo kwa vitendo ofisini kwetu, miaka mitano nyuma. Akaniwekea kiti. Akaunganisha diski kwenye mashine yake, akakaa anasoma mistari iliyokuwa inapanda.

"Ulipogundua, uliizima?"

"Niliizima," nikasema.

Nilimdanganya na yeye. Nilishazoea. Lakini diski haijui kumstahi mtu. Ilimwonyesha kila kilichoandikwa juu yake na saa yake. Akaanza kusoma kwa sauti ndogo, wala hakuwa na nia mbaya: hapa flashi imefunguliwa, saa saba na dakika kumi, hapa masasisho, hapa programu, hapa video, video, video, mpaka saa nane kasoro kumi. Kisha akanitazama kama mtoto anavyomtazama baba yake aliyemkuta mahali asipotarajia.

"Mwalimu," akasema, "si wewe uliyetuambia tutoe mkono?"

Nilisema kitu kuhusu haraka, kuhusu wageni. Hata sikumbuki.

"Ungeizima pale pale," akasema, "karibu zote zingerudi."

Zilirudi picha kumi na saba, nne kati yake zimekatika katikati, zinaonyesha kiganja bila vidole. Nilizipeleka kwa mama mkwe. Nilimwambia wataalamu wamejitahidi. Akazitazama moja moja, akacheka kidogo alipoikuta alama ya yule mtoto aliyemjua daktari kwa sindano.

"Ahsante, baba. Umehangaika sana kwa ajili yangu."

Siku zilizofuata aliwaeleza watoto wake wengine watano, mmoja mmoja, kwamba yeye ndiye aliyeiharibu kompyuta. Alifanya hivyo kabla hawajauliza. "Msimsumbue mkwe wangu," aliwaambia, "alijitahidi, mimi ndiye sijui mambo." Shemeji yangu mkubwa alimgombeza kwenye simu, nikiwa nimekaa pale pale, kwa nini alikuwa anawasha mashine ovyo ovyo. Mama mkwe akasema ndiyo, mwanangu, kweli. Nikaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

"Mama hali vizuri tangu siku ile," mke wangu aliniambia. "Anajilaumu. Wewe ndiye mtaalamu, ukimwambia si kosa lake atakusikia."

"Nitamwambia," nikasema. Wiki ikapita. Na nyingine.

Kisha shule ikaitisha mkutano. Mwalimu mkuu alikuwa amewaalika wanafunzi wa zamani, wale waliotoa alama zao, waje wasikie kamusi imefikia wapi, na mama mkwe hakutaka wasikie kwa mtu mwingine. Akaomba nimsindikize. Alitaka, mke wangu akanieleza, kuwepo na mtu wa kueleza kitaalamu, wasije wakadhani alipuuzia kazi yao.

Tulikaa katika chumba cha walimu, madirisha wazi, viti vya plastiki vimepangwa nusu duara. Walikuja kama ishirini. Kulikuwa na washonaji, mama mwenye kibanda cha matunda, fundi viatu mwenye kidole gumba cheusi kwa gundi. Wote ni watu wazima, na wote walipomwona mama mkwe walikuwa watoto tena. Walimrukia. Mikono ilikuwa inaruka chumba kizima, watu wanacheka bila sauti na wengine kwa sauti kubwa, na mimi nimekaa kwenye kona sielewi hata neno moja.

Alisimama mbele yao. Aliongea kwa mdomo na kwa mikono kwa pamoja, ili mimi tusikie pamoja na mwalimu mkuu, aliyehamia juzi tu na bado anajifunza alama. Alisema kamusi haipo tena. Alisema alikabidhiwa alama zao na hakuzitunza. "Niliiharibu mwenyewe, kwa kutojua," alisema, na vile vidole vyake vilivyokunjika vilipata shida kulitamka neno hilo, akarudia mara mbili ili walioko nyuma waone. Yule mama wa matunda alianza kulia. Fundi viatu alitazama sakafu.

Mwalimu mkuu akanigeukia kwa upole. "Injinia, pengine utatueleza kitaalamu ilikuwaje."

Nikasimama. Nilikuwa nimeshaandaa maneno, njiani: umri wa diski, joto, umeme. Nikafungua mdomo, na macho ya watu ishirini yakanitazama mimi, kisha yote yakahamia kwa mama mkwe, kwa kuwa yeye ndiye mkalimani pekee aliyekuwepo. Alikuwa ameshainua mikono, anangoja. Chochote ambacho ningesema kingepita kwake. Ningedanganya, angedanganya yeye, kwa vidole vile, mbele ya watoto wake.

Sikuweza. Sijisifu kwa hilo, nilishindwa tu.

"Diski haikuwa imeoza," nikasema.

Akanitazama mara moja, akatafsiri. Nikaendelea. Mimi ndiye niliyekosea. Mimi sikunakili kazi yake, nilinakili milango. Mimi niliifuta. Mkalimani mzuri hasemi "yeye anasema", anasema "mimi", na alama ya mimi ni kidole kifuani. Kila niliposema mimi, mama mkwe alijigusa kifua chake. Mimi nilifuta. Mimi niliona haya. Mimi niliongopa. Watu walimtazama yeye akisema yote hayo, nyuso zao zikibadilika, na ilibidi ageuke kila mara na kunionyesha kwa kiganja, wakumbuke kuwa ni mimi.

Niliposema, "Nikamwacha ajilaumu," mikono yake ilisimama hewani.

"Rudia, baba."

"Nikamwacha ajilaumu. Nilikuwa najua, nikanyamaza."

Akatafsiri. Nikakaa. Na nitakwambia aibu nyingine: nilipokaa nilianza kujisikia vizuri. Kifua kilikuwa chepesi. Mwalimu mkuu alitikisa kichwa kwa namna ya mtu anayesikitika lakini anaheshimu, na nikajiambia, umefanya kiume, umeyasema yote. Hata mabega yalianza kupanuka.

Fundi viatu akainua mkono. Aliuliza swali refu, taratibu, akionyesha kwa kidole chake cheusi kama mtu anayekata kitu mezani. Mama mkwe alimwangalia mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Anasema, mimi nikikata ngozi nikaona nimekosea, nasimamisha kisu hapo hapo, maana kipande kilichobaki bado kinafaa. Anauliza, wewe ulipoona umekosea, ulisimama?"

Hakuna aliyejua katika chumba kile. Yule dada wa diski alikuwa mbali, juu ya duka lake la dawa. Ningesema ndiyo, na fundi viatu angeridhika, na ningerudi nyumbani na aibu ya ukubwa wa kubebeka. Mama mkwe alikuwa ananitazama usoni, kama kawaida yake, anangoja mdomo wangu usogee.

"Hapana," nikasema. "Niliendelea dakika arobaini. Kamusi ilikuwa bado imo. Ningesimama ingepatikana, karibu yote. Nilikuwa najua. Niliendelea kwa sababu mama alikuwa mlangoni na nilitaka anione ninafanya kazi."

Mikono yake haikusogea. Watu walimngoja, yule mama wa matunda akamgusa bega mwenzake kuuliza kimesemwa nini, na mwenzake akainua mabega. Mwalimu mkuu akakohoa. Mama mkwe alikuwa bado ananitazama.

"Flashi uliiacha imechomekwa," aliniambia, kwa sauti ya kunifikia mimi tu. "Niliifungua Jumapili. Ile mishale hata mimi naijua, baba. Kwamba ulikosea nilijua, na kwamba uliniongopea nilijua. Nikaona nikubebee, mkwe ni mtoto." Akasita. "Lakini hili la kwamba ingepatikana, hili nilikuwa silijui."

Kisha akawageukia wanafunzi wake, akajigusa kifua, akaanza kutafsiri.